Kuran Imeenda Wapi?

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Nilisoma shule ya msingi tu. Mwaka wa sita niliumaliza, cheti nikapata, halafu kalamu nikaiweka chini. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama majani baada ya mvua, na kuna maneno ambayo mpaka leo sijui kama yanaandikwa kwa l au kwa r. Mahali hapo nimeandika kama tunavyosema nyumbani kwetu, Majengo, hapa Goma. Tena ninaandika polepole. Ukurasa huu wa kwanza nimeuanza watu walipokuwa wanakwenda ibada ya asubuhi, na sasa wanarudi, na bado niko hapa hapa. Maishani mwangu sikuwa na mpango wa kuandika chochote. Ninaandika kwa hasira, na hasira yangu huwa haitoki mdomoni. Inabaki kifuani kama mwiba wa samaki.

Jambo lenyewe ni hili. Patroni, bosi wetu wa kazi, alinipa karatasi iliyopigwa chapa, akataka niweke sahihi. Karatasi ilisema kwamba mwenzangu, mama niliyeosha naye vioo vya nyumba za etaji, yaani ghorofa, kwa mwaka mzima na zaidi, aliungua mikono kwa uzembe wake mwenyewe. Siku hiyo mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Ndiyo maana sahihi yangu ilitafutwa. Nikiiweka, kosa linakuwa lake, na patroni ananawa mikono. Nilipewa mpaka Jumamosi.

Mwenzangu huyo ana watoto watatu. Alikuja mjini kutoka Kibati, na kabla ya kazi ya vioo alikuwa anasuka nywele chini ya mwavuli karibu na soko. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda mbio kuliko macho ya mtu, na mdomo wake ulikuwa unavipita vidole. Mimi nina miaka ishirini, na mbele ya watu maneno yananikimbia. Yeye aliniita Bubu, lakini kwa upendo.

"Bubu," alikuwa akiniambia asubuhi, "leo ulimi umeufungia wapi, kwenye kabati?"

Mteja akiniuliza kitu, yeye ndiye aliyejibu. "Huyu anaongea siku ya sikukuu tu, papa. Niulize miye." Na kweli aliulizwa yeye, mimi nikabaki na mpira wa maji mkononi, nimeshukuru.

Anayekaa Goma anajua vumbi letu. Ni jeusi, linatoka kwenye mawe ya volkano, na likishika kioo linakwaruza kama msasa. Zamani patroni alituoshesha vioo kwa ngazi ya miti, imesimamishwa juu ya mawe yasiyo sawa, mmoja anapanda na mwingine anaikumbatia chini akiomba Mungu. Ndipo akaleta fimbo ya maji. Ni mti mrefu mweusi, mwepesi, wenye vipande vinavyotoka kimoja ndani ya kingine mpaka unafika etaji ya tatu. Ndani yake mpira unapita, juu kuna brashi, na maji yanaruka kwenye brashi. Chini tuna pipa na pampu ndogo ya betri. Maji tulikuwa tunayachota ziwani, yanaletwa kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, juu ya chukudu, kigari chetu cha mbao. Mwenzangu aliita fimbo hiyo Twiga, kwa sababu ya shingo, na kwa sababu ilikuwa inatudondoshea mate.

"Ngazi imekufa," patroni alisema siku ile, akiizungusha fimbo kama bwana harusi mwenye fimbo mpya. "Sasa mutabaki chini kama mabosi. Hakuna kuanguka tena."

Tulimwamini. Nani hajui kwamba aliye chini haanguki?

Mwenzangu ndiye aliyeuliza, nami nataka mlijue hilo, kwa sababu karatasi ya patroni haikulisema. Aliangalia juu, akanyoosha kidole. "Na zile nyaya, papa patroni?"

"Mama, hii si chuma. Hii ni karbone. Karbone ni nini? Ni makala! Umeshaona makala inapiga mutu kuran?" Makala kwetu ni makaa ya kupikia.

"Basi papa, siku ikivunjika nitaipikia maharage."

Tulicheka wote watatu. Mimi nilicheka nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono. Patroni akabandika mahali pa kushika karatasi nyekundu ya kunata, yenye jina la kazi yake na namba ya simu, akaipigapiga kwa kiganja ili ishike vizuri. Mkumbuke karatasi hiyo nyekundu.

Sasa niwaeleze jinsi tulivyokuwa tunafanya kazi, maana hapo ndipo kosa lilipolala. Kwetu umeme tunauita kuran. Ukikatika hatusemi umekatika. Tunasema kuran imeenda, kama vile ni mgeni amevaa viatu vyake akaaga. Ikirudi tunapiga makofi: kuran imekuja! Nimezaliwa katika maneno hayo na sikuwahi kuyauliza kitu.

Kwenye nyumba nyingi za barabarani, nyaya zinapita mbele ya vioo karibu sana, mtu aliye dirishani angeweza kuanikia soksi. Patroni alitutungia sheria. Kwanza tuoshe upande wa nyuma na wa pembeni. Upande wa nyaya tuuache mpaka kuran iende, maana kila siku inakwenda tu. Taa ya getini iachwe ikiwaka mchana, na mlinzi aiangalie. Ikizimika, mlinzi apige kelele: "Kuran imeenda!" Hapo tunaacha kila kitu, tunakimbia na Twiga na mpira kuzunguka nyumba, tunaosha upande wa barabara haraka haraka kabla mgeni hajarudi.

Tulifanya hivyo nyumba baada ya nyumba. Tulikuwa hata na ufahari. Watu wengine kuran ikienda wanalalamika, sisi tulikuwa tunaifurahia. Mwenzangu alikuwa anakimbia huku anaimba. Leo nikifikiri kwamba nilikuwa nakimbia nyuma yake na mpira, natamani kujipiga kofi.

Nyumba ya siku ile ya ajali ina etaji nne, iko kwenye barabara ya Sake, kabla ya kufika Lac Vert. Mlinzi wake ni muzee mmoja anayevaa kabuti hata jua likiwa kali. Ilikuwa kama saa tano asubuhi. Tulikuwa nyuma tunamalizia dirisha la ngazi, muzee akapiga kelele kutoka getini:

"Kuran imeenda! Mama, kuran imeenda!"

"Twende, Bubu! Inua miguu, kuran haina saa!"

Tukakimbia. Mimi niliweka pipa sawa, nikafungua maji. Mwenzangu alirefusha Twiga mpaka kipande cha mwisho, akaanza kuinua. Fimbo ikiwa ndefu hivyo inapinda, inayumba yenyewe, huwezi kuipangia njia kama ufagio. Upepo ulitoka upande wa ziwa. Niliona brashi inakwenda kushoto, nikaona mwenzangu anakaza mikono kuirudisha, na ule mti mweusi ukalala juu ya waya taratibu, bila nguvu yoyote.

Sauti yake ni kama maji yakidondoka kwenye mafuta yanayochemka. Mwenzangu hakulia. Hilo ndilo lililonitisha, mtu wa maneno namna ile, mdomo uko wazi na hakuna kitu kinachotoka. Mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania fimbo, haiachi. Ardhi chini yake ilikuwa imelowa maji yetu. Nilitupa mpira nikaruka kumshika kiuno.

"Usimuguse!" Muzee alikuwa anakuja mbio, kabuti linapepea, ameshika ubao mkavu uliokuwa unafungia geti. "Usimuguse, mutoto! Rudi kwa nyuma! Rudi!"

Aliipiga fimbo kwa ubao, mara ya kwanza haikutoka, mara ya pili ikaruka na kuanguka barabarani. Mwenzangu akaanguka upande mwingine kama gunia. Muzee akakaa chini juu ya mawe na ubao wake.

Niligeuka nikaangalia taa ya getini. Ilikuwa imezimika. Haikuwa imewaka hata kidogo, tangu muzee alipopiga kelele mpaka mwenzangu alipoanguka. Kuran ilikuwa imeenda, na mwenzangu alikuwa ameungua kwa kuran.

Pikipiki ilimpeleka hospitali, katikati ya dereva na mama mmoja mwuza ndizi aliyejitolea kumshikilia. Mimi nilibaki na vitu vya kazi kwa sababu patroni aliniambia hivyo kwa simu. Kabla ya kuuliza kama yule mama yuko hai, aliuliza: "Fimbo haikuvunjika?"

Baada ya muda akaja kijana wa nyaya, na mkanda wake wa vifaa, ametumwa kuangalia kwa nini mashine ya kusaga unga iliyo mbele kidogo ilizimika ghafla. Muzee akamweleza. Kijana akaangalia juu, akaangalia taa, akashika kichwa.

"Nani aliwaambia kuran imeenda?"

"Taa," muzee alisema.

"Taa ya hapa! Muzee, hesabu nyaya zile. Hizi za juu ni za kompani moja. Hizi za chini ni za kompani ingine. Hizi nyembamba ni za wezi, Mungu peke yake anajua zinatoka wapi. Taa yenu inakunywa kwa hawa wa juu. Hawa wa chini wanapita tu mbele ya mulango, wanakwenda kwa mashine ya unga. Hawa hawajakatika tangu juzi, mpaka fimbo yenu ilipowagusa."

Muzee aliusimamisha ubao wake kwenye geti.

"Na hata ingekuwa nyaya zenu," kijana aliendelea, na sasa alikuwa ananiangalia mimi, "kuran ikienda inawaaga? Inawaambia nitarudi saa ngapi? Dada, sikiliza. Fimbo ikianguka kutoka pale umesimama, kama ncha yake inaweza kufika kwa waya, pale si mahali pa kusimama. Taa iwake, izimike, si kitu. Mukitaka kuosha upande huu, mwenye nyumba aandikie kompani zote waje wakate, na muwaone kwa macho wakikata. Ao muache kioo kibaki kichafu. Kioo kichafu kimeua nani?"

Nilifungua mdomo. Sijui nguvu ilitoka wapi. "Patroni alisema ni karbone. Ni makala."

Kijana alicheka, lakini si kicheko cha kufurahi. "Dada, ulipokuwa mutoto uliwahi kuvunja jiwe la tochi?"

Jiwe la tochi ni betri ndogo, na nani hajalivunja? Watoto wote wa Majengo wamevunja mawe ya tochi yaliyokwisha. Ndani kuna kijiti cheusi, na kwa kijiti hicho tulikuwa tunaandika kwenye kuta za watu mpaka tunafukuzwa. Herufi zangu za kwanza niliziandika kwa kijiti hicho, kabla ya kujua kalamu.

"Kile kijiti ndicho karbone," alisema. "Kuran ya tochi inapita ndani yake. Patroni wako amewapa kijiti kirefu, na ndani yake akaweka maji."

Kesho yake hospitalini nilimkuta mwenzangu amefungwa mikono yote miwili, kama mikate mikubwa. Aliponiona alisema, "Bubu, njoo unikune pua. Tangu jana pua inanisumbua na hapa hakuna hata mutu mwenye huruma." Nikamkuna. Akafumba macho akasema, "Hapo, hapo kidogo juu," na wote wawili tukaanza kulia. Mkono wa kushoto, daktari alisema, utapona. Wa kulia vidole vitatu havitafunguka tena. Msusi bila vidole vitatu! Yeye mwenyewe alikuwa ameshafikiri. "Nitakuwa ninawaambia wengine namna ya kusuka," alisema. "Mudomo haukuungua."

Patroni alikuwa amenitangulia kufika kwake, na chupa ya juisi na ile karatasi. Akaona mikono imefungwa, hawezi kushika kalamu. Akasema si shida, shahidi atatosha. Juisi akaiacha juu ya meza, imefungwa kizibo, kwa mtu asiye na mikono.

Siku iliyofuata aliniita kwenye ofisi yake, chumba kimoja nyuma ya duka la rangi. Akanionyesha karatasi. Nilisoma polepole, kidole chini ya kila mstari, na yeye anagongagonga meza. Iliandikwa kwamba mfanyakazi hakusubiri kuran ikatwe. Kwamba hakuvaa boti. Kwamba wakati wa kazi alikuwa anaongea na wapita njia. Kwamba ajali ilitokana na uzembe wake, na kwa hiyo matibabu ni juu ya familia yake. Chini kulikuwa na alama ya kidole, ya muzee wa getini, na kando yake mstari mtupu.

Hakuvaa boti! Boti zilikuwa jozi moja kwa sisi wawili, za mwanamume mwenye miguu kama mitumbwi, na siku zote zilikaa ndani ya gari la patroni. Na hata tungezivaa, yule kijana wa nyaya alisema boti za mvua si dawa ya waya ule. Anaongea na wapita njia! Mtu aliyekuwa amekaza mikono miwili kuirudisha fimbo, shingo imeinuka, jasho linamwingia machoni.

"Mutoto wangu," patroni alisema kwa sauti laini, "weye huna maneno mengi, ndiyo maana ninakupenda. Weka jina hapo, Jumatatu tunaendelea na kazi. Fimbo sasa itakuwa yako. Nitakutafutia mutu wa kushika mpira."

Mikono yangu ilikuwa chini ya meza. Nilisema, na sauti ilitoka ndogo sana hivi kwamba aliniambia nirudie. "Nitaandika mwenyewe."

"Utaandika nini?"

"Kile niliona."

Alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi anasema habari yako. Halafu akacheka. "Weye? Sawa. Andika. Jumamosi ulete, na hii nayo uisaini. Na uende na fimbo, uisafishe ule moshi, pale imeungua ufunge utepe. Jumatatu ninaihitaji."

Nikaibeba Twiga mpaka Majengo, imekunjwa, begani. Watoto wa jirani waliizunguka, nikawafukuza kwa ukali mpaka wakashangaa. Nilikaa uani na kitambaa na sabuni. Karibu na mahali pa kushika, ile karatasi nyekundu ya patroni ilikuwa imevimba kwa joto na kujikunja pembeni. Nikaivuta itoke nipanguse vizuri. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine, ya njano, ya kiwandani. Maneno yalikuwa ya lugha nisiyoijua. Lakini picha niliijua. Mtu amesimama. Fimbo mkononi. Juu ya fimbo waya, na kati ya waya na fimbo mchoro wa radi. Na juu ya vyote msalaba mwekundu.

Picha ile haihitaji shule. Mtoto wa mwaka wa kwanza angeisoma. Muzee wa getini, ambaye hajui hata a, angeisoma. Mwenzangu angeisoma na kuitafutia mzaha, na asingeinua fimbo ile mbele ya waya hata siku moja. Waliotengeneza fimbo walijua hatutajua lugha yao, wakachora. Na mtu wetu, wa hapa hapa, anayetuita watoto wake, akabandika namba yake ya simu juu ya mchoro na kuupigapiga kwa kiganja.

Kesho yake nilifanya kitu kingine. Nilichukua kipande kidogo kilichochanika pale palipoungua, nikakisugua miisho yake kwenye jiwe. Nikachukua mawe mawili ya tochi, kitaa kidogo, balbu ya tochi, na vipande vya waya wa redio. Upande mmoja waya, upande mwingine waya, na katikati makala ya patroni. Kitaa kikawaka. Hafifu, lakini kikawaka. Nilikiwasha na kukizima kama mara ishirini. Mawe mawili ya tochi yangetosha kujua, na kila mtoto aliyewahi kuandika kwenye ukuta alikuwa ameshashika jibu mkononi. Mimi pia. Sijisafishi.

Basi nikaanza kuandika. Niliandika siku tatu. Neno "uzembe" nililiandika, nikalikata, nikaliandika tena, kwa sababu nilitaka kuuliza ni la nani. Nilichana kurasa sita. Ya saba ilikuwa na mistari kumi na minane, na ile karatasi ya njano niliibandika chini kabisa, bado ilikuwa inanata.

Jumamosi nikaenda na fimbo begani, bila kuifunga utepe. Patroni alisoma mistari kama minne, akaanza kutabasamu.

"Mwandiko gani huu? Kuku alipita hapa?"

Kisha macho yake yakashuka mpaka chini, kwenye picha. Tabasamu likakaa pale pale usoni, lakini halikuwa na mtu ndani. "Nani amekutuma?"

"Hakuna mutu, papa."

"Yule mama?"

"Hapana, papa."

"Sikiliza. Hii unafikiri nani ataisoma? Mwenye nyumba? Ni mutu mukubwa, hana wakati. Nani atasoma mwandiko kama huu? Hakuna mutu." Akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya birika la chai. "Acha ganti. Acha na fulana."

Glovu niliziweka mezani, nikavua fulana ya kazi pale pale, juu ya gauni langu, nikaikunja vizuri kwa sababu nilifundishwa kukunja nguo. Mstari wa sahihi ulibaki mtupu.

Hizi mnazosoma ni nakala ya pili, iliyo ndefu. Nilipokuwa naiandika, muzee wa kabuti alinikuta njiani, akanivuta pembeni. "Mutoto, mimi niliweka kidole," alisema. "Walinisomea haraka. Niko na wajukuu." Nilikuwa nimemkasirikia pia. Akasema, "Katika yako uandike ni miye niliita. Ni miye nilisema imeenda. Usinifiche." Nimeandika, muzee. Lakini nimeandika pia kwamba ni wewe uliyekuja na ubao.

Nikaenda kumsomea mwenzangu. Alisikiliza yote, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwishoni akasema, "Wapi umeandika kwamba nilikuwa na kitambaa kipya kichwani? Siku ile nilikuwa nimependeza." Halafu akageukia ukutani. "Bubu, soma tena ile sehemu niliuliza habari ya nyaya." Nikamsomea tena. Akataka mara ya tatu.

Jumanne iliyofuata niliiona Twiga. Ilikuwa imefungwa utepe mweusi, na juu ya utepe karatasi nyingine nyekundu, mpya. Alikuwa ameishika mwanamume wa rika la baba yangu, mbele ya nyumba moja ya barabarani, na alikuwa anaangalia taa ya getini. Mimi nilikuwa upande wa pili na bidoni la maji. Kwa kawaida ningepita. Mimi siwezi kuuliza bei ya nyanya mara mbili. Kwenda kumwambia mtu mzima, nisiyemjua, mbele ya watu, kwamba anakosea!

Taa ikazimika. Mlinzi akapiga kelele. Niliacha bidoni nikavuka barabara, pikipiki moja ikanitukana.

"Papa, samahani. Hiyo taa inakudanganya."

Alinitazama kutoka juu mpaka chini. "Taa inadanganya? Kwani ni bwana yako?" Watu waliokuwa pale wakacheka. "Mutoto, kuran imeenda. Husikii?"

"Imeenda wapi, papa?"

"Imeenda tu! Nani anajua kwenye inaenda?"

"Imeenda kwa taa. Pale juu haikuenda. Kuna nyaya za kompani mbili, papa. Niko na mwenzangu, alishika fimbo hii hii. Vua hiyo karatasi nyekundu na utepe, uangalie kama fimbo haikuungua chini yake. Kuran hiyo ndiyo iliunguza mikono yake."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo mmoja. Yule papa hakuvua karatasi. Lakini aliangalia juu. Aliangalia muda mrefu, midomo inasogea, na niliona kwamba anahesabu. Kisha akaanza kuingiza vipande vya fimbo kimoja ndani ya kingine, polepole, mpaka ikawa fupi kama yeye. Akaketi juu yake. "Basi nitamwambia patroni upepo ni mwingi," alisema. "Weye enda na maji yako."

Hiyo ni siku moja. Kesho yake sijui alifanya nini, na patroni hatakosa mtu.

Kwa hiyo nawaomba kitu, ninyi mliofika mpaka hapa na mwandiko huu. Niandikieni. Hata mstari mmoja, hata kwa kijiti cha jiwe la tochi, na makosa yote mnayotaka. Semeni mlisoma. Kama mnaosha vioo, au mnapaka rangi, au mnaezeka mabati karibu na waya, semeni mliambiwa nini na nani. Kama ninyi ni wenye nyumba, semeni kama mnajua nyaya za nani zinapita mbele ya vioo vyenu. Barua zenu mkabidhini yule aliyewapa karatasi hizi, zitanifikia. Patroni alisema hakuna mtu atakayesoma. Ninataka kurudi kwenye ofisi ile nyuma ya duka la rangi, niinue birika lake la chai, na niweke barua zenu juu ya ile yangu.